Kwa Nini Injini za Jeti za Mwanzo Zilikuwa na Vyumba Vingi vya Mwako?

SWALI: Mhariri, salaam. Katika picha za injini za jeti za miaka ya 1940 nimeona vyumba vya mwako (mahali mafuta yanapoungulia) vingi, kila kimoja peke yake, vimepangwa kuizunguka shafti (mhimili unaozunguka katikati ya injini), na katika baadhi yake hewa hugeuzwa irudi ilikotoka. Injini za leo zina chumba kimoja tu cha mviringo, kinachoizunguka shafti kama pete. Je, wahandisi wa wakati ule hawakulifikiria umbo hilo? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Walilifikiria, na wengine walilitumia. Injini ya Hans von Ohain iliyorusha ndege ya Heinkel He 178 nchini Ujerumani tarehe 27 Agosti 1939 ilikuwa na chumba cha mviringo, na ndivyo zilivyokuwa injini ya BMW 003, nayo ya Ujerumani, pamoja na injini ya F.2 ya Metropolitan-Vickers ya Uingereza. Ugumu haukuwa katika kulibuni umbo hilo, bali katika kulijaribu.

Hewa hutoka kwenye kompresa, sehemu ya mbele inayoibana hewa, kwa kasi kubwa mno, ilhali mwali wa mafuta ya taa husonga mita chache tu kwa sekunde, kwa hiyo usipokingwa huzimika. Aidha, kilo moja ya mafuta huhitaji takriban kilo 15 za hewa ili iungue yote, lakini injini hupitisha hewa mara kadhaa ya kiasi hicho. Ndiyo maana ndani ya chumba huwekwa bomba lenye matundu ambalo, kama kioo cha taa ya chemli, huukinga mwali: sehemu ndogo ya hewa huingia mbele kuunguza mafuta, na iliyobaki huingizwa nyuma yake kidogo kidogo ili kuipoza gesi, ambayo penye mwali hukaribia nyuzi 2,000 za Selsiasi, isije ikaharibu turbini, gurudumu la mapanga linalozungushwa na gesi hiyo ili liizungushe kompresa. Ukubwa wa matundu hayo na mahali pake haukuweza kupatikana kwa hesabu pekee. Ilibidi kujaribu, kurekebisha, na kujaribu tena.

Frank Whittle, mhandisi wa Uingereza, alilipata somo hilo kwa taabu. Injini yake ya kwanza, iliyowashwa katika mji wa Rugby, Uingereza, tarehe 12 Aprili 1937, ilikuwa na chumba kimoja kikubwa, na mwako ukawa tatizo lisilokwisha. Mwaka 1938 aliiunda upya ikiwa na vyumba vidogo 10. Hata hivyo, mirija ya kugeuza mafuta kuwa mvuke iliendelea kumsumbua hadi 1940, pale Isaac Lubbock wa kampuni ya Shell alipoleta kichomeo kinachonyunyiza mafuta kwa matone madogo sana. Ndege iliyobeba injini ya Whittle iliruka tarehe 15 Mei 1941.

Ama kuigeuza hewa irudi nyuma, faida yake ilikuwa kuifupisha shafti, kwa kuwa chumba hukaa kando ya turbini badala ya kukaa kati yake na kompresa, na shafti fupi haitikisiki ovyo inapozunguka kwa kasi. Kila kona, hata hivyo, huipunguzia hewa msukumo, na ndiyo sababu injini ya Derwent ya Rolls-Royce ilinyoosha njia hiyo.

Uamuzi ninaouona wa busara kuliko yote ni wa Anselm Franz, mhandisi wa kampuni ya Junkers ya Ujerumani. Alijua kwamba chumba cha mviringo kingekuwa bora, lakini akaipa injini yake ya Jumo 004 vyumba sita, kwa sababu kimoja kingeweza kujaribiwa peke yake kwa hewa kidogo, wakati chumba cha mviringo hudai hewa ya injini nzima, na mitambo ya kuitoa ilikuwa adimu. Tena, kwa uhaba wa nikeli, metali ya kutengenezea chuma kinachostahimili joto, wakati wa vita, vyumba hivyo vilitengenezwa kwa chuma cha kawaida kilichopakwa alumini.

Gharama ya mpango huo wa vyumba vingi ilikuwa uzito zaidi, joto lisilolingana mbele ya turbini, na haja ya vijibomba vya kuupitisha mwali kutoka chumba hadi chumba wakati wa kuwasha. Baada ya vita, injini kama J57 ya Pratt & Whitney zilishika njia ya kati: mabomba ya mwali kadhaa ndani ya ganda moja la mviringo.