Maswali yenu: Nils Liedholm, kiungo, kocha na mkulima wa zabibu

Andrea Pirlo ndiye mwanasoka wa kwanza kuwa kocha na mtengeneza mvinyo?

Hapana. Liedholm, Msweden aliyecheza na kufundisha Italia, alikuwa na mizabibu yake Cuccaro Monferrato, kule Piemonte, kaskazini mwa Italia, Pirlo hajazaliwa bado.

Kama Liedholm alikuwa bora kiasi hicho, mbona hakucheza Kombe la Dunia la 1950?

Swali hili linarudi kila mara, kana kwamba aliachwa kwa kukosa kiwango. Alitwaa dhahabu ya Olimpiki London mwaka 1948, mwaka uliofuata akaenda Milan kucheza soka ya kulipwa. Sweden wakati huo haikuwaita wachezaji wa kulipwa. Gren na Nordahl, wenzake wa Milan, nao walikosa. Mlango ulipofunguliwa mwaka 1958 alikuwa nahodha mwenye miaka 35, na akafunga dakika ya 4 ya fainali ambayo Brazil ilishinda 5-2. Someni tarehe kabla ya kumhukumu mtu.

Ni kweli alikaa miaka miwili bila kupoteza pasi San Siro, uwanja wa Milan?

Hadithi hiyo haina rekodi yoyote nyuma yake. Iacheni. Mataji manne ya Serie A, 1951, 1955, 1957 na 1959, yanajieleza.

Roma aliyoifundisha mwaka 1983 ililindaje bila kukaba mtu kwa mtu?

Hapa ndipo penye kazi yake kubwa, na ndipo wengi wanapopita haraka. Karibu Italia nzima ilikuwa ikikaba mtu kwa mtu, na libero mmoja nyuma, yaani beki huru asiye na mtu wa kumkaba. Liedholm aliwapa mabeki eneo: aliye karibu na mpira anatoka kuukabili, wengine wanasogea upande huo pamoja, na safu ya viungo inashuka ili nafasi ya katikati isipanuke.

Agostino Di Bartolomei, kiungo asiye na kasi lakini mwenye pasi ndefu sahihi, alirudishwa nyuma aanzishe mashambulizi. Kasi aliyoikosa ililipwa na beki Pietro Vierchowod, aliyefukuza kila mpira uliopigwa nyuma ya safu. Roma ikawa bingwa. Vierchowod alipoondoka mwaka huohuo, kinga ile ikaondoka naye.

Makocha wa vijana, sikilizeni: mkifundisha eneo bila kufundisha mabeki kuitana na kusogea kwa pamoja, mnafungua uchochoro kati ya beki wa kati na wa pembeni. Bao linapoingia, kila mmoja anamtazama mwenzake.

Kwa nini mvinyo wa Grignolino, zabibu nyekundu ya Monferrato, ni mwepesi wa rangi lakini unakwaruza ulimi?

Maganda yake yana rangi kidogo, na kila tunda lina mbegu nyingi zenye tanini, kile kinachokausha na kukwaruza ulimi. Ndiyo sababu haitengenezwi kama Barbera, zabibu nyingine ya Monferrato, yenye uchachu mwingi na tanini kidogo, inayovumilia kukaa na maganda muda mrefu. Grignolino ondoa vikonyo, iache na maganda siku chache tu, kisha kamua taratibu. Ukikaza shinikizo mbegu zinapasuka, na uchungu ukishaingia hautoki. Wanaoongeza siku wakitafuta rangi huambulia uchungu.

Inyweni ikiwa changa, kwenye nyuzijoto 14 hadi 16, pamoja na nyama baridi zilizokaushwa. Msiiweke kabatini miaka kumi kwa sababu tu chupa ina jina la mchezaji mnayempenda.