Msombo si mchanganyiko

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Katika ripoti yangu ya kemia nimeandika "michanganyiko ya boroni ya nyuklia", nikimaanisha ile inayotoa elektroni zake kwa atomu nyingine. Msimamizi wangu amelikata neno "nyuklia". Niandike nini?

JIBU: Marahaba. Msimamizi wako amefanya vyema. Boroni ina kazi ya kweli katika nyuklia: boroni-10, ambayo ni takriban asilimia 20 ya boroni ya asili, hunasa nyutroni, ndiyo maana hutiwa katika fito za kudhibiti vinu. Anayesoma "boroni ya nyuklia" atawaza kinu. Neno ulilofasiri, nucleophilic la Kiingereza, limetokana na Kilatini nucleus, yaani kokwa, na Kigiriki philos, rafiki. Sisi tuna kiini, cha yai na cha atomu pia. Andika "kipendakiini", wingi "vipendakiini". Akipenda mtu kusema "nukleofili", simgombezi.

Lakini msimamizi wako ameliruka kosa lililo kubwa zaidi, nalo nimelichoka: "michanganyiko". Kande ni mchanganyiko. Ukizidisha maharage bado ni kande, na mwenye subira anaweza kuyachambua yote, punje kwa punje, akapata mahindi yaleyale na maharage yaleyale. Msombo hauchambuliwi hivyo. Atomu zake zimefungana kwa uwiano maalumu, na tabia zake si za vile vilivyouunda. Anayesema "kampaundi" namwelewa. Anayesema "mchanganyiko" anampoteza msomaji.

Tazama borililithiamu, msombo ambamo boroni imefungwa kwenye lithiamu, iliyotengenezwa Tokyo na wanakemia Segawa, Yamashita na Nozaki, ikatangazwa mwaka 2006. Kwa kawaida boroni yenye vifungo 3 huwa na elektroni 6 tu upande wa nje, kwa hiyo hupokea, haitoi. Hapa imeshikwa na nitrojeni 2 ndani ya pete ya atomu 5. Nitrojeni hizo huchangia elektroni kwenye obiti tupu ya boroni, yaani nafasi yake isiyo na elektroni, na makundi makubwa ya kaboni yaliyo juu ya nitrojeni huizuia boroni isifikiwe ovyo. Kinachoanziwa ni msombo wenye kifungo cha boroni na bromini. Huwekwa katika kiyeyushi kiitwacho tetrahidrofurani, kikiwa kikavu, pasipo hewa, kwenye nyuzi −45 za Selsiasi, pamoja na unga wa lithiamu na naftalini kidogo ya kupitisha elektroni. Maji yakipenya, boroni hunyakua protoni, kifungo cha boroni na hidrojeni kinaundwa, na kipendakiini chako kimekwisha.

Sasa viite vitu hivi "mchanganyiko wa boroni na lithiamu". Mwanafunzi mtiifu atapima unga wa boroni, atapima unga wa lithiamu, atakoroga. Atapata unga mbili katika chombo kimoja, naye amefuata maelezo yako neno kwa neno!

Kuna mahali maneno yote mawili yanahitajika, na hapo ndipo uzembe huu unapoumiza. Katika njia nyingine ya kupata boroni ipendayo kiini, ile ya shaba, ndani ya chupa huwekwa kloridi ya shaba, butoksidi ya sodiamu, na msombo wenye boroni 2 zilizoungana. Huo kweli ni mchanganyiko. Butoksidi huigeuza kwanza shaba kuwa alkoksidi, yaani msombo ambamo shaba imeungana na oksijeni. Hiyo ndiyo inayokitenganisha kile kifungo cha boroni na boroni, na boroni moja ikahamia kwenye shaba. Kilichozaliwa ni msombo mpya, na ndio unaoipeleka boroni kwenye kaboni ya ncha ya kifungo maradufu cha ketoni isiyoshiba, ile ncha iliyo mbali na kundi la ketoni. Methanoli huongezwa ili kutoa protoni na kuirudisha shaba kazini. Isipokuwepo, mmenyuko mara nyingi hujivuta. Basi andika: "Koroga mchanganyiko mpaka msombo wa shaba na boroni uundike, kisha ongeza ketoni na methanoli." Ukitumia neno moja mahali pote pawili, msomaji hajui asubiri nini.

Kichwa cha ripoti yako kiwe "Misombo ya boroni ipendayo viini". Neno "mchanganyiko" liache katika sehemu ya mbinu tu, unapotaja vilivyomo chupani.