Mjomba wako hadanganyi

Mwanangu Neema,

Ujumbe wako nimeusoma. Unauliza kwa nini mjomba alikuambia Jumamosi alikwenda Kilwa na babu kwa jahazi, ilhali Jumamosi hiyo alikuwa amelazwa, na babu tulimzika wewe ungali shule ya msingi. Umeudhika, unamwita mwongo. Mwongo huujua ukweli akauficha. Mjomba wako anaamini kila neno analosema.

Tena safari yenyewe ilikuwepo. Tulikuwa watoto, nami nilikuwamo chomboni nikitapika njia nzima! Ubongo wake umechukua jambo la kweli la zamani ukaliweka juzi. Ukimuuliza jana alifanya nini, anakuta pengo, nalo huzibwa na chochote kilicho karibu bila yeye kuhisi kiraka.

Daktari anasema ni ugonjwa wa Korsakoff, kwa jina la tabibu wa Urusi aliyeueleza mwaka 1887. Chanzo ni upungufu wa vitamini B1, yaani thiamini. Mjomba kanywa gongo miaka na miaka, chakula hagusi, na pombe yenyewe huzuia utumbo kuifyonza hiyo vitamini. Sehemu za ndani za ubongo zinazohifadhi mambo mapya zikaharibika. Ndiyo maana mwalimu wake wa darasa la kwanza anamtaja kwa jina, lakini chai ya asubuhi ameshaisahau. Kule kupepesuka na macho kuchezacheza ndiyo ilikuwa dalili ya mwanzo, sisi tukadhani ni ulevi tu. Shangazi zako wanasema karogwa. Waache waseme, mradi sindano za thiamini apate.

Wala si walevi peke yao. Mjamzito anayetapika wiki kwa wiki bila kula anaweza kufikia huko, kwa hiyo mwambie wifi yako asikae nyumbani akivumilia.

Mjomba anaweza kupata nafuu akiacha pombe na kula vizuri, ila wengi hawarudi walivyokuwa. Ukija usimhoji kama polisi, maana kila swali humlazimisha kujaza. Usimkubalie uongo pia. Mwambie leo ni siku gani, kisha mwongee mengine. Mletee kalenda ya ukutani yenye tarehe kubwa.

Na kile kiwanja anachosema ameshamuuzia jirani, usikasirike wala usipuuze. Nimezificha karatasi zake. Asitie saini popote mpaka tukae kikao cha ukoo.

Mama yako