Adabu na adhabu: ni neno moja?

SWALI: Assalaam aleykum, mwalimu. Mwanangu wa miaka 9 amerudi na karatasi ya kanuni za madrasa. Juu imeandikwa "Somo la Adabu na Akhlaki", na chini kuna sentensi hii: "Mtoto mtundu ataadhibiwa mpaka ashike adabu." Baba yake anasema adabu na adhabu ni neno moja, tofauti ni matamshi tu, ndiyo maana tunasema "kumtia adabu" tukikusudia kumchapa. Mimi sikubali, lakini sina hoja. Tena, adabu na akhlaki si kitu kimoja? Kwa nini wasiandike "tabia njema" yakaisha? (Mama wa mwanafunzi, Tanga)

JIBU: Waaleykum salaam, mama. Sikio lako halikukudanganya. Haya ni maneno mawili yaliyotoka kwenye mizizi miwili, na yalipofika kwetu yakafanana sura. Kwa Kiarabu, adhabu huanza na ayn, ile herufi ya kooni, kisha ikaja dhali. Adabu huanza na alifu, kisha dali. Mwarabu hayachanganyi. Sisi ile ayn tuliidondosha, kama tulivyoidondosha katika "akili" na "arusi", basi maneno yote mawili yakaanza na a moja na kuishia kwa -abu. Kilichobaki kuyatenga ni ncha ya ulimi kugusa meno. Na wengi wetu lugha zetu za nyumbani hazina dh, kwa hiyo mmoja atasema "azabu", mwingine atasema "adabu" kwa yote mawili, na hapo ndipo baba watoto alipopata hoja yake.

Maana zake, lakini, ziko mbalimbali kabisa. Wanalugha wa Kiarabu huhusisha adab na ma'duba, yaani karamu ya chakula anayoalikwa mtu. Mimi uhusiano huo huupenda sana, kwa sababu mfano bora wa adabu ninaoujua ulitokea kwenye chakula. Umar bin Abi Salama alikuwa mtoto aliyelelewa na Mtume, mama yake akiwa Ummu Salama, mke wa Mtume. Anasimulia kwamba walipokuwa wakila, mkono wake ulikuwa ukizunguka sahani nzima, huku na kule. Mtoto yeyote aliyekulia kwenye sinia anaijua hali hiyo, na anajua pia kofi la mkono linalofuata. Mtume hakumpiga wala hakumtoa kwenye chakula. Alimwambia: "Ewe kijana, mtaje Mwenyezi Mungu, kula kwa mkono wako wa kulia, na kula kilicho mbele yako." Basi. Na Umar anamalizia kwa kusema kwamba tangu hapo huo ndio ukawa ulaji wake. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim, wakusanyaji wakubwa wa hadithi za Mtume.

Angalia kilichotokea, mama. Mambo matatu aliyoambiwa yule kijana ndiyo adabu: yanatamkika, yanafundishika, mtoto anaweza kuyashika siku hiyohiyo. Baada ya muda yakawa mazoea yake, hata akiwa peke yake. Sasa tunaiita tabia. Na adhabu haikupita popote katika safari hiyo.

Sasa "kumtia adabu". Kitenzi chenyewe hakina kosa. Tunatia chumvi chunguni, tunamtia mtu moyo. Kutia adabu ni kuweka ndani ya mtu kitu ambacho hakikuwamo. Lakini hebu sikiliza inavyotumika leo. Magazeti ya michezo yanaandika kwamba timu fulani "imetiwa adabu" kwa kufungwa mabao 4. Mtu akikwambia "nitakufunza adabu", huendi kuchukua daftari, unatafuta mlango. Hata methali yetu, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, ina kufunza kuwili: kwa mama ni malezi, kwa ulimwengu ni kipigo. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba matumizi haya ni makosa. Yameshaingia katika lugha. Nasema tu kwamba yamelipunguza neno zuri, na anayeandikia watoto ana sababu ya kuwa mwangalifu zaidi ya mwandishi wa habari za mpira.

Zamani hali ilikuwa nyingine. Mshairi Mwana Kupona binti Msham, alipomuusia binti yake kwa utenzi mwaka 1858, alitanguliza dini, kisha akasema: "Pili uwa na adabu, na ulimi wa thawabu." Adabu hapo imekaa jirani na ulimi, na mwisho wa ubeti anamtaka bintiye awe mahabubu, mtu wa kupendwa kila atakapoingia. Fimbo haimo.

Tukitaka kusema kuadhibu, tuseme kuadhibu. Tukitaka kusema kufunza adabu, kipo kitenzi chake, kuadibu, ambacho wengi wamekiacha kwa kudhani ni kuadhibu kulikokosewa herufi. Na katikati ya hayo mawili wazee walikuwa na neno zuri mno: kumrudi mtoto. Kumrudi ni kumrejesha alikotoka, kwa onyo, kwa kemeo, hata kwa adhabu ikibidi. Ningependa kulisikia zaidi.

Nije kwenye akhlaki. Hili ni wingi wa khuluq, yaani tabia kwa Kiarabu, na mzizi wake kh-l-q ndio ule wa kuumba. Tunao ndugu zake wengi bila kuwatambua: "hulka", na "halaiki", yaani viumbe wengi waliokusanyika. Kuna dua inayoyaweka maneno mawili ya mzizi huo pamoja, na uzuri wake uko hapo: Ee Mola, kama ulivyoifanya nzuri khalq yangu, ifanye nzuri na khuluq yangu. Umbo la nje, umbo la ndani. Imamu Ghazali aliyefariki mwaka 1111 aliifafanua khuluq kuwa hali iliyokita ndani ya nafsi, ambayo matendo hutoka kwayo kwa wepesi bila mtu kuanza kufikiri. Kwa hiyo anayetoa sadaka mara moja kwa kuona haya mbele ya watu, huyo ametenda tendo jema. Khuluq ya ukarimu bado hana.

Ndiyo sababu "Adabu na Akhlaki" si kurudia neno. La kwanza ni mwenendo unaofundishwa, la pili ni kile kinachotakiwa kumea ndani. "Tabia njema" ingefaa pia, lakini tabia yenyewe haina upande, lazima uiongezee njema au mbaya, na kwa kawaida tukisikia "yule ana tabia ya..." tunasubiri baya. Adabu haihitaji kivumishi. Ukisema mtoto ana adabu, umeshamsifu. Hulka nayo imehama kidogo: leo twaitumia kwa yale magumu kubadilika, kama hulka ya binadamu kusahau, kwa hiyo kwa jina la somo ningewaachia akhlaki yao. Wasiongeze ma- mbele yake tu, maana tayari ni wingi.

Kuhusu ile sentensi, mpelekee ustadhi salamu zangu na umwombe achague. Kama anakusudia fimbo, aandike "ataadhibiwa" na aishie hapo, kwa sababu fimbo humshikisha mtoto woga kabla ya adabu. Kama anakusudia anachokifundisha kwenye somo lake, aiondoe h moja: "Mtoto mtundu ataadibiwa mpaka ashike adabu."