Korti "ilihalalisha" nini hasa?

Msomaji wa Kondele hapa Kisumu ananiuliza: "Mwalimu, mimi na shemeji tumebishana. Yeye anasema 2023 Mahakama ya Juu ilihalalisha ndoa za jinsia moja, mimi nasema iliziruhusu tu. Nani ako sawa?"

Hakuna, na hili neno kuhalalisha limenichosha kabisa! Limetoka kwa halali ya Kiarabu, kinyume cha haramu, kwa hivyo ukihalalisha kitu umekitoa kwa marufuku. Sasa Februari 24, 2023 majaji 3 dhidi ya 2 walisema nini? Walisema watetezi wa haki za mashoga na wasagaji wasizuiwe kusajili shirika lao, kuwazuia ni ubaguzi. Basi. Ndoa haikuwa kwa hiyo kesi. Lakini nimekaa kwa kinyozi pale Kibuye nikaona watu wazima wakitukanana mpaka mashine ikazimwa, mteja amenyolewa upande mmoja, wote wanapigania kitu korti haikusema.

Chukua mama anayeuza omena kando ya barabara bila leseni. Korti ikisema ana haki ya kuingia kwa chama cha wachuuzi, kwani imempa leseni? Cheti cha chama kitaning'inia ukutani na kanjo watabeba beseni lake kesho asubuhi, omena zikimwagika kwa mtaro. Chama ni halali, biashara bado. Ukimwandikia "korti yahalalisha uchuuzi" umemdanganya, atatandaza mali yake mchana kweupe akidhani ako salama, na hasara ni yake si yako wewe uliyeandika.

Ni vivyo hivyo hapa. Vifungu 162 na 165 vya Sheria ya Adhabu, vinavyotumika kuadhibu ngono ya jinsia moja, viko palepale, Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta Mei 2019. Kuna wanaosema Ibara ya 27 ya katiba, kila mtu ni sawa mbele ya sheria, tayari imefungua mlango wa ndoa, lakini kwa katiba hiyohiyo Ibara ya 45 inataja ndoa na mtu wa jinsia tofauti. Wanaotaka ibadilike na wasiotaka, wote wanahitaji kujua sheria imesimama wapi leo. Kuhalalisha kwenyewe kulifanyika Afrika Kusini 2006, na Marekani 2015 kwa majaji 5 dhidi ya 4.

Kuruhusu yako itasimama ukiipa kitu chake: korti iliruhusu shirika kusajiliwa. Shemeji akikataa, msomee Ibara ya 45 polepole, kifungu cha pili.