Maswali na Majibu: Wasafiri Wasiotakana na Maiti Njiani

Karibu barua zote za safari hii zinazunguka jambo moja: watu wawili wasiotakana, zama za kale, wanatumwa pamoja kumtafuta muuaji, na mwandishi hajui awapatanishe vipi. Nimeyafupisha maswali. Yenye matusi nimeyaweka kando.

Mpelelezi wangu na karani aliyepewa amsindikize wanachukiana tangu ukurasa wa kwanza. Mhariri anasema nimewapatanisha mapema mno. Waanze kuelewana sura ya ngapi?

Namba ya sura haihusiki. Niambie kwanza wanapatana kwa njia gani. Ngoja nibahatishe: ni usiku, wamewasha moto, mpelelezi anasimulia kifo cha mkewe, na karani anamtazama kwa macho mapya. Moto huo nimeuona katika miswada mingi mno, hata siku hizi mhusika akianza kuokota kuni nafunga ukurasa. Kisa cha msiba kinamfanya karani amwonee mwenzake huruma, na unaweza kumwonea mtu huruma huku ukiendelea kumdharau. Waliotumwa kazi huanza kuheshimiana pale mmoja anapoona kwamba mwenzake anajua kitu ambacho yeye hakijui, na kwamba bila kitu hicho kazi haisongi. Wapatanishe ndani ya kesi yenyewe.

Tuseme ni Juni 1740. Ufaransa inafuata kalenda ya Gregori tangu 1582, Uingereza bado iko kwenye ile ya kale ya Julius, na tofauti ni siku 11. Mtu ameuawa Calais tarehe 14 kwa hesabu ya Wafaransa. Padri wa Kifaransa na karani wa Kiingereza wanavuka maji hadi Dover, na huko daftari la nyumba ya wageni linaonyesha kwamba mshukiwa alilala pale tarehe 5. Padri, ambaye hajawahi kutoka kwao, anashusha pumzi: kijana wake hana hatia, alikuwa ng'ambo siku tisa kabla ya mauaji. Karani anajua kwamba tarehe 5 ya Dover ni tarehe 16 ya Calais, yaani siku mbili baada ya mauaji. Tangu bandarini hawajasemezana. Atamwambiaje? Akinyamaza, kesi imekufa. Akisema kwa kejeli, atamwaibisha mzee mbele ya mwenye nyumba. Akingoja hadi wabaki wawili ndipo amwambie, msomaji ataona kwamba kuna kitu kimesogea, na hakuna aliyetokwa na chozi. Ila angalia: wafanyabiashara wa enzi hizo waliijua vizuri tofauti hiyo, na wengine waliandika tarehe zote mbili kwenye barua zao. Kosa kama hili usimpe mfanyabiashara.

Shikamoo mwalimu. Wanaonisomea muswada wanauliza: kama hawapendani, kwa nini kila mmoja asishike njia yake?

Marahaba. Wanaokusomea wana akili, wasikilize. Kusema "mfalme ameamuru" hakutoshi, maana mfalme yuko mbali na njia panda iko karibu. Kinachowafunga lazima kishikike, na kiwaume kila siku: kibali cha kupita chenye majina yote mawili, mkoba wa fedha ulio kwa mmoja na lugha ya nchi iliyo kwa mwingine, shahidi ambaye ni mmoja wao tu anayeijua sura yake.

Au wapandishe chombo. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Ukimkimbia mwenzako mbele utamkuta nyuma. Katika Bahari ya Hindi kuna ziada, kwamba pepo zenyewe zinawafunga watu. Jahazi lililoshuka na kaskazi hungoja kusi ndipo lirudi, na hiyo ni miezi, si siku. Waliogombana Januari bado watakuwa wanaonana Machi. Nashangaa waandishi wetu, waliozaliwa wakiyajua haya, wanavyokimbilia ukungu wa London.

Je, ni lazima waishie kwenye mapenzi?

Hapana. Na swali hili naomba lipumzike.

Nina abiria wawili, maadui, ndani ya treni Uingereza mwaka 1863. Konda anapita mabehewani, anawakuta wanashikana mashati, anawatenganisha. Iko sawa?

Haiko sawa, na umeitupa zawadi. Mabehewa ya wakati ule yaligawanywa vyumba vilivyotengana kabisa. Hapakuwa na ujia wa kutoka chumba hadi chumba, na mlango ulifungukia nje. Treni ikiondoka, uliyenaye chumbani ndiye uliyenaye hadi kituo kinachofuata. Wapendwa wako wangepigana, wangechoka, kisha wangekaa wakitazamana. Unamtaka konda wa nini?

Hatari ya vyumba hivyo ilionekana usiku wa tarehe 9 Julai 1864, pale Thomas Briggs, mtumishi wa benki, alipopigwa ndani ya chumba cha daraja la kwanza cha North London Railway na kutupwa relini. Akafa. Muuaji alichukua saa na mkufu wake wa dhahabu, na kwa haraka akaondoka na kofia ya Briggs akiacha yake. Miaka minne baadaye, 1868, sheria ikazitaka treni za mwendo mrefu usio na vituo ziwe na njia ya abiria kuwaita wahudumu.

Lakini kilichonivuta mimi katika kesi hiyo ni msafara uliofuata. Mshukiwa, Franz Müller, fundi cherehani Mjerumani, alikuwa amepanda Victoria, merikebu ya tanga iendayo New York. Inspekta Richard Tanner akapanda meli ya mvuke, City of Manchester, ili amtangulie. Pamoja naye alikuwa na mashahidi wawili. Mmoja ni John Death, sonara wa Cheapside, ambaye Müller alimpelekea ule mkufu kubadilisha. Mwingine ni Jonathan Matthews, mwendesha gari la farasi la kukodi, aliyeikumbuka kofia, na ambaye nyumbani kwake kulikuwa na kisanduku chenye jina la sonara huyo, alichopewa mtoto wake na Müller. Wakafika New York, wakangoja karibu wiki tatu kabla tanga la Victoria halijaonekana. Müller alikamatwa akiwa na saa na kofia, akarudishwa, akanyongwa Novemba mwaka huohuo.

Hebu wafikirie hao wawili. Mwenye duka la dhahabu na mtu wa farasi wamekaa bega kwa bega baharini, halafu wiki tatu katika mji wasioujua, na hawana la kuzungumza ila mkufu na kofia. Kulikuwa na zawadi ya pauni 300 kwa atakayewezesha muuaji kupatikana. Sonara asingejiuliza kama mwenzake anakumbuka kweli au anakumbukia fedha? Na mwendesha gari asingeona anavyotazamwa? Hapo una riwaya nzima, na mpelelezi mwenyewe awe mtu wa pembeni anayetapika baharini. Kwa nini kila mara mwenzake mpelelezi awe daktari au kijana mwenye kipaji? Shahidi ni mwenzi bora kuliko msaidizi. Msaidizi amekuja kujifunza. Shahidi amekuja na anachokijua, na anaweza kukikatalia.

Farasi wao wanakimbia siku mbili usiku na mchana. Inawezekana?

Farasi wako wamekufa. Farasi mmoja akitembezwa kwa utaratibu hufika kilomita 40 au 50 kwa siku, na anahitaji kula, kunywa na kulala kama wewe. Wajumbe waliokwenda kasi kubwa walibadilisha farasi kituo hadi kituo. Tena haraka ya nini? Ukiwapa wahusika wako kasi, unawanyang'anya ule muda wa kuchokana ambao hadithi yako inautegemea.

Nimewalaza kitanda kimoja katika nyumba ya wageni, karne ya 18. Wanaume wawili wasiojuana. Msomaji ataamini?

Ataamini kama wahusika wenyewe hawatashtuka. Wasafiri kugawana kitanda lilikuwa jambo la kawaida. Anayeruka kwa mshangao ni mtu wa leo uliyemvika kanzu ya kale.

Septemba 1776 John Adams na Benjamin Franklin, viongozi wa Wamarekani walioiasi Uingereza, walikuwa njiani kwenda kuonana na mkuu wa manowari za Uingereza, Lord Howe. Huko New Brunswick nyumba za wageni zilikuwa zimejaa, wakapewa chumba kimoja kidogo, kitanda kimoja, dirisha moja. Adams, aliyeogopa hewa ya usiku, akalifunga. Franklin akataka lifunguliwe, akaanza kumfafanulia nadharia yake kwamba mafua hayaletwi na baridi. Adams akafungua, akapanda kitandani, akamsikiliza mpaka akapitiwa na usingizi katikati ya mhadhara. Ameliandika mwenyewe.

Tazama lilivyo dogo. Hakuna siri iliyofichuliwa wala mapanga. Mmoja amefungua dirisha ambalo hakutaka kulifungua. Anayejua kuandika tukio la kiasi hicho hahitaji kumtumbukiza mtu mtoni ili mwenzake amwokoe.

Na kitanda kisiwe njia ya mkato ya kwenda kwenye lile swali nililoomba lipumzike.

Mwaka 1850, karani wangu anamshinda mkubwa wake kwa alama za vidole, na hapo ndipo mkubwa anaanza kumheshimu. Nzuri?

Umewahi kwa miaka 42. Kesi ya mauaji inayotajwa kuwa ya kwanza kuamuliwa kwa alama za vidole ni ya Francisca Rojas, Argentina, 1892. Scotland Yard, polisi wa London, walifungua ofisi yao ya alama 1901. Kwa 1850 unaweza kutumia kipimo cha James Marsh cha kutambua sumu ya aseniki, cha 1836. Kuangalia mwaka ni kazi ya dakika chache, na barua za namna hii zinazidi kuongezeka.

Hadithi yangu ni ya 1857. Mpelelezi Mzungu anasafiri bara na mpagazi Mwafrika. Mwanzoni Mzungu ni mkali, mwishoni wanakuwa ndugu. Unaonaje?

Naona mpagazi hana jina katika barua yako.

Bwana kulainika hakutoshi kuitwa urafiki. Kabla hujanionyesha undugu, nionyeshe mpagazi analipwa nini, na kwamba anaweza kuondoka. Wapagazi wa misafara waliondoka sana, walitupa mizigo usiku wakaenda zao, na viongozi wa misafara walijaza madaftari kwa malalamiko. Mtu anayeweza kutoroka leo usiku na asitoroke ana sababu. Itafute sababu hiyo, na isiwe kwamba Mzungu alimpa blanketi.

Tena umeuchagua mwaka huohuo walioondoka wavumbuzi Waingereza Richard Burton na John Speke kuelekea Ziwa Tanganyika. Wakafika Februari 1858, Speke akiwa haoni vizuri kwa ugonjwa wa macho na Burton hawezi kutembea. Kwa kanuni ya waandishi wengi, hapo wangepaswa kuwa ndugu. Wakawa maadui. Speke alitangulia kurudi London akatangaza ziwa aliloliona bila Burton, na Septemba 1864 alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe, siku moja kabla ya mdahalo uliopangwa kati yao huko Bath. Uchunguzi ukasema ni ajali, wengine hawakuridhika.

Na kati yao alikuwapo Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto, akapelekwa India, akarudi akiwa huru. Speke alizungumza naye Kihindustani, na kupitia kwake ndipo alipoelewana na wengine msafarani. Kila neno la ugomvi lilipita karibu na sikio lake. Baadaye alisafiri na wavumbuzi wengine: na Grant, na Stanley, na Cameron. Niandikie hadithi ambamo anayepeleleza ni mtu wa aina hiyo, na wasiotakana ni mabwana wawili anaowatafsiria. Hiyo nitaisoma mpaka mwisho.

Kesi ikiisha, wabaki marafiki?

Si lazima. Adams na Franklin walikutana tena Paris mwaka 1778 kwa kazi ya kibalozi, na Adams hakumvumilia hata kidogo. Ukiwa na nia ya kuandika kitabu cha pili, waagane kila mmoja akidhani mwenzake ndiye anayemdai.