Kabla Hujamtetea Mwajiri, Omba Faili

Wadogo zangu wanaosoma sheria pale chuo kikuu cha SAUT, Malimbe, wakija kufanya mazoezi kwenye ofisi yetu ya mawakili huniuliza swali moja: dada, unawezaje kusimama upande wa tajiri dhidi ya mtu anayekata minofu? Swali hilo lina uzito kwangu. Baba yangu mdogo alikata minofu ya sangara kwa miaka mingi hapahapa Mwanza, na nakumbuka vidole vyake vilivyochanjwachanjwa na kisu, vimekakamaa kwa barafu.

Jibu langu nililipata kwenye kesi ya mabondo.

Asiye wa huku ajue kwamba bondo la sangara, kile kifuko cha hewa tumboni mwake, lina bei kuliko nyama. Mlinzi wa kiwanda cha minofu alimkamata kijana akitoka zamu ya usiku, mabondo yako kwenye nailoni, nailoni iko ndani ya buti la mpira. Msimamizi akamvua kitambulisho palepale getini. "Usirudi." Barua ya kumwachisha kazi ikaandikwa siku tatu baadaye. Zile siku 30 za kupinga kuachishwa hazijaisha, kijana akawa ameshafungua shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi.

Mteja wangu, mwenye kiwanda, alinijia na picha kwenye simu na mlinzi aliye tayari kusema alichokiona. Nikaona kesi imekwisha. Kwenye usuluhishi ilikuwepo nafasi ya kuyamaliza kwa fedha kidogo. Mimi ndiye niliyemshauri mteja akatae. Tukaenda kwenye uamuzi. Mashauri haya mwajiri ndiye hutangulia kutoa ushahidi, maana Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtwika yeye kuthibitisha kwamba sababu ilikuwa halali na kwamba utaratibu ulifuatwa. Mwamuzi akamwuliza afisa utumishi wetu, "Barua ya kumwita kwenye kikao cha nidhamu iko wapi?" Yule ndugu alifunua faili karatasi moja moja: mkataba, fomu ya likizo, nakala ya kitambulisho, mpaka akafika kwenye jalada la nyuma. Chumba kizima kilikuwa kinasikia feni tu.

Tulishindwa. Wakati ule kifungu cha 40 cha sheria hiyo kilitaja fidia isiyopungua mishahara ya miezi 12, na ndiyo iliyotolewa. Kosa ni langu. Nilitoa ushauri kabla ya kuona faili.

Sasa mwajiri akinipigia simu, sianzi kwa kumwuliza mtu amefanya nini. Naomba faili. Natafuta ripoti ya uchunguzi, na barua ya mashtaka iliyompa mfanyakazi angalau saa 48 za kujiandaa, yenye sahihi yake ya kupokea. Naangalia nani aliongoza kikao. Kama ni yuleyule msimamizi aliyemkamata, tuna shida. Naangalia kama aliruhusiwa kuja na mwenzake au mtu wa chama cha wafanyakazi. Yote haya yamo kwenye Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Namba 42 la 2007. Zisome mpaka uzitaje ukiwa usingizini. Kikikosekana kitu, mwambie mteja siku hiyohiyo, hata kama ndiye anayekulipia pango la ofisi. Wapo walioniacha kwa sababu hiyo, na sijuti.

Jingine dogo lakini linaumiza watu: barua hizo ziandikwe kwa Kiswahili. Lugha ya mahakama ni Kiswahili tangu 2021, ila bado naletewa mashtaka ya Kiingereza kizito aliyopewa mbeba kreti wa Igogo. Huyo atajitetea vipi?

Upunguzaji wa wafanyakazi ndio mgumu zaidi. Samaki wakiadimika ziwani, bosi hutaka orodha ya majina iwe mezani Ijumaa. Kifungu cha 38 cha sheria ileile ya 2004 kinataka notisi, taarifa na mashauriano, na mashauriano maana yake orodha bado haijafungwa. Mng'ang'anie mteja hapo. Nimekaa kwenye kikao ambacho wafanyakazi wenyewe walipendekeza wagawane zamu, na waliotajwa kuondoka wakapungua. Bosi alikuwa hajawahi kuliwaza hilo. Siku ile nilirudi nyumbani nikiwa na amani na kazi yangu.

Yule kijana wa mabondo nilikutana naye baadaye soko la Mwaloni, Kirumba, anapakia magunia ya dagaa. Akanisalimia kwa heshima, tukaongea tumesimama. Akaniambia, "Wakili, siku ile wangeniita wakaniuliza, ningewataja wote. Mimi nilikuwa wa kubeba tu." Kiwanda kililipa mishahara 12, na waliokuwa wakimpa mabondo walibaki humo kazini.